Mbu wa Nairobi na mbu wa mashambani: tuwakingeje watoto wetu kabla hawajasafiri Desemba?

Baba Wawili

Nawasalimu nyote. Nimeufungua uzi huu wiki kadhaa kabla ya shule kufungwa kwa sababu Januari iliyopita nusura tumzike mpwa wangu, na kilichotaka kumwua ni ugonjwa ambao sisi wakazi wa Nairobi tumezoea kuuhesabu kuwa ni wa watu wengine.

Mtoto huyo ana umri wa miaka sita na amezaliwa hapa Embakasi. Desemba alikwenda pamoja na dada yangu kwa babu yake katika Kaunti ya Siaya, akakaa huko wiki tatu, akarudi akiwa mzima kabisa. Siku ya tisa baada ya kurudi alianza kutetemeka na kutapika. Alipelekwa kwenye kliniki moja ya mtaani, na huko hakuna aliyeuliza kama alikuwa amesafiri. Damu ilitolewa, dada yangu akaambiwa kwamba ni taifodi, akapewa antibiotiki na kurudi nyumbani. Usiku wa siku ya pili mtoto alipatwa na degedege. Tulimkimbiza hospitalini, na kabla daktari hajamgusa alituuliza, “Mwezi huu mmetoka wapi?” Kipimo cha malaria kilionyesha jibu baada ya robo saa hivi, akadungwa artesunate, dawa ya malaria kali, usiku huohuo, na namshukuru Mungu kwamba leo anacheza. Hata hivyo, siku mbili zile tulizopoteza bado zinanikosesha usingizi.

Tangu wakati huo nimesoma na kuuliza, na ningependa kuwaeleza nilichoelewa ili wenye ujuzi wanirekebishe.

Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na ni mji wenye baridi. Kimelea cha malaria hakitoki kwa mgonjwa mmoja na kuingia kwa mwingine moja kwa moja. Lazima kwanza kikomae ndani ya mwili wa mbu, na kukomaa huko kunategemea joto. Mahali penye joto huchukua siku kumi hivi au wiki mbili. Baridi ikizidi, huchukua muda mrefu kiasi kwamba mbu hufa kabla kimelea hakijawa tayari, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 kile cha falsiparamu, ambacho ndicho kikali na ndicho kilichoenea zaidi Kenya, hakikomai kabisa. Ndiyo maana wengi wa wagonjwa wa malaria wanaoonekana katika hospitali za Nairobi huwa wameitoa safarini.

Faida hiyo ina upande wake wa pili, nao ndio ulionifanya niandike. Mtoto anayekulia kandokando ya Ziwa Viktoria huumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara, na akinusurika miaka ya mwanzo mwili wake hujifunza kupambana, ingawa si kikamilifu. Mtoto wa Embakasi au wa Kawangware hajajifunza lolote. Hata sisi watu wazima tuliozaliwa huko, kinga tuliyokuwa nayo hupungua kadiri miaka ya kuishi mjini inavyosonga, na bado tunapanda basi tukijiamini kana kwamba hatukuwahi kuhama. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 uliwakuta watoto 19 katika kila 100, wa umri wa miezi sita hadi miaka kumi na minne, wakiwa na vimelea vya malaria katika eneo la ziwa, ilhali kwa nchi nzima walikuwa 6 katika kila 100. Huko ndiko tunakowapeleka wanetu kwa wiki tatu, mara nyingi bila hata neti moja kwenye begi.

Jambo la pili ni kwamba tunazungumza juu ya mbu kana kwamba wote ni mmoja. Yule anayetulilia masikioni usiku katika mitaa yetu, hasa palipo na mitaro ya majitaka, kwa kawaida ni Kuleksi. Anaudhi na anakosesha usingizi, lakini haambukizi malaria ya binadamu. Anayeiambukiza ni Anofelesi, ambaye huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri na hutaga katika vidimbwi vya maji yasiyo machafu sana. Wa tatu ni Aedesi, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, ambaye huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya jua kuzama, na ndiye hueneza magonjwa ya virusi ya dengi, chikungunya na homa ya manjano. Huyu wa tatu anaishi humuhumu mjini, na mahali anapopapenda kuliko kwingine ni maji tunayoyahifadhi wenyewe.

Kila anayepanga nyumba Nairobi anajua habari ya mgao wa maji. Bomba likitoa maji siku mbili kwa wiki, tunajaza mapipa, mitungi, beseni na ndoo, na pipa likikosa kifuniko tunalifunika kwa kipande cha mbao au tunaliacha wazi. Yai la mbu huchukua siku saba hadi kumi na nne kugeuka mbu kamili anayeruka. Pipa lisilomalizwa na kusuguliwa kwa wiki mbili limekwisha kuzaa. Tena Aedesi hagandishi mayai yake majini, bali huyagandisha ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi kadhaa yakisubiri chombo kijazwe tena. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ni lazima kuta za ndani zisuguliwe kwa brashi na sabuni. Mimi sikulijua hilo hadi mwaka huu, nami nimehifadhi maji kwenye pipa tangu nilipooa.

Lipo pia jambo linalonitia hofu zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2022 watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walimkuta Anopheles stephensi katika Kaunti ya Marsabit. Huyu ni mbu wa malaria aliyetoka Asia, na tofauti yake na ndugu zake wa hapa ni kwamba anazaliana vizuri katika matangi na mapipa ya mijini. Djibouti walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 2012, wakati nchi hiyo ilikuwa na wagonjwa 27 tu wa malaria kwa mwaka. Kufikia mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya 70,000, na kuenea kwa mbu huyu kunatajwa kuwa miongoni mwa sababu kubwa. Sisemi kwamba amefika hapa. Nasema kwamba mapipa yetu yako tayari kumpokea.

Naomba mawazo yenu, hasa wenye watoto na wale wanaofanya kazi za afya.

Tabibu wa Zamu

Pole sana kwa yaliyokupata, na asante kwa kulieleza jambo hili kwa utulivu. Nimefanya kazi katika vituo vya afya vya jiji hili kwa miaka mingi, na kila Januari tunawapokea watoto kama mpwa wako.

Kuhusu taifodi, kipimo kinachotumiwa sana mitaani hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda kupambana na vijidudu, katika damu, na kingamwili hizo zinaweza kuwapo kwa sababu ya maambukizi ya zamani au hata ya vijidudu vingine. Jibu lake likisema “ndiyo”, halimaanishi kwamba homa ya leo imeletwa na taifodi, na wala haliondoi malaria. Mzazi asisubiri kuulizwa. Akifika mbele ya mhudumu aanze kwa kusema, “Tumerudi kutoka Busia siku kumi zilizopita, naomba apimwe malaria.” Sentensi hiyo moja imewahi kuokoa watoto wengi kuliko dawa niliyo nayo kabatini. Dalili za malaria ya falsiparamu huanza mara nyingi kati ya siku ya saba na mwezi mmoja baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine huchelewa zaidi, kwa hiyo hata homa ya Februari inastahili swali hilo. Kipimo cha kwanza kikikosa kuonyesha kitu na homa ikaendelea, kirudiwe siku inayofuata.

Ikiwa ni malaria isiyo kali, dawa inayotolewa kwanza hapa Kenya ni ile ya mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini. Hunywewa mara sita kwa siku tatu, dozi ya pili ikifuata saa nane baada ya ya kwanza, na hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Watu wengi huacha siku ya pili homa ikishuka, na vimelea vilivyobaki huinuka tena. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, arudishiwe dozi hiyo. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, anayepumua haraka, aliyepata degedege au anayekojoa mkojo mweusi, huyo hana muda wa kemisti, apelekwe hospitali.

Mnaosafiri mnaweza pia kupewa dawa za kukinga kabla ya safari. Zipo za kila siku na zipo za kila wiki, nyingine hazifai kwa watoto wadogo au wajawazito, na baadhi yake ni lazima ziendelezwe kwa wiki nne baada ya kurudi. Kwa hiyo muoneni mtaalamu mapema, si asubuhi ya kupanda basi. Dawa ya matibabu niliyoitaja hapo juu si ya kukinga, hata kama jirani atawaambia mnywe “moja moja ya tahadhari”.

Mzaliwa wa Lamu

Assalamu aleikum. Ningependa kuongeza juu ya yule mbu wa mchana, kwa kuwa sisi watu wa Lamu tulimjua mwaka 2004, naye hakutuacha salama.

Mwaka ule kulikuwa na ukame, na watu walihifadhi maji ya kisima katika mapipa na mitungi kwa siku nyingi bila kuyabadilisha. Chikungunya ilipoingia ilipita nyumba kwa nyumba. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya watu wa mji wa Lamu waliambukizwa. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, na nilishindwa kufunga vifungo vya shati langu. Marehemu nyanya yangu aliumwa viungo kwa miezi mingi baada ya homa kwisha. Kutoka kwetu ikafika Mombasa, kisha Komoro, kisha ikavuka bahari hadi Réunion na India. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lililotokana na mlipuko wa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na maana yake ni kukunjika, kwa jinsi mgonjwa anavyopindika kwa maumivu. Dengi nayo imerudi Mombasa mara kadhaa, na ndugu zetu wa Tanzania huiita kidingapopo.

Wazee wetu walikuwa na busara moja ambayo tuliiacha tulipohamia mapipa ya plastiki. Katika nyumba za mawe za Lamu, chooni kulikuwa na birika la maji lililojengewa ukutani, na ndani ya birika waliwekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Chini kabisa kulipachikwa bakuli la kauri, ili birika linapoishiwa maji samaki wabaki na mahali pa kuishi. Hawakumjua Aedesi kwa jina, lakini walijua kwamba maji yakikaa bila mlaji huota wadudu.

Kwa anayesafiri pwani Desemba, neti peke yake haimtoshi, kwa sababu mbu huyu humkuta mtoto akicheza uani saa kumi jioni. Mvisheni nguo za mikono mirefu na mpakeni dawa ya kufukuza mbu yenye DEET au ikaridini, kwa kufuata maelezo ya umri yaliyo kwenye chupa.

Tabibu wa Zamu

Naunga mkono, na niongeze neno moja. Ukishuku dengi, usimpe mgonjwa aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu. Mpe paracetamoli na vinywaji vingi, kisha mwangalie hasa homa inaposhuka. Wengi hufurahi siku hiyo, kumbe ndiyo siku ya kuogopa maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma na damu kutoka kwenye fizi.

Mama Kayole

Kaka Baba Wawili, nimesoma yote na nina maswali mawili ya dhati. Ninaishi chumba kimoja cha ghorofa ya chini pamoja na watoto watatu, na mfereji wa majitaka unapita karibu na mlango. Nisipochoma dawa ya mbu usiku hatulali, lakini mtoto wangu wa kati ana pumu na moshi ule unamsumbua. Nikifunga dirisha, joto la jiko linatumaliza. Nifanye nini? Pili, pipa langu ni la lita 200 na maji yanakuja Alhamisi peke yake. Siwezi kuyamwaga kila wiki ili nisugue. Nitapika na nini?

Baba Wawili

Dada, maswali yako ndiyo yaliyonifanya nisiridhike na mabango ya hospitalini yanayosema tu “mwaga maji yaliyotuama”. Anayeandika hivyo hajawahi kununua mtungi wa maji kwa mkokoteni.

Juu ya pipa, usimwage. Mbu akizuiwa kuingia, inatosha. Mimi nilinunua kitambaa cha neti chenye matundu madogo, nikakikata kipite ukingo wa pipa kiasi cha shubiri moja pande zote, nikakishona njia ya mpira kama ule wa kaptura. Kinabana mdomo wa pipa, na juu yake naweka kifuniko. Nachota kwa kuinua upande mmoja na kurudisha mara moja. Jumatano jioni, maji yanapokuwa yamekaribia kwisha, ndipo nasugua kuta kwa brashi na maji yaleyale yaliyobaki, kisha nayatumia kudekia choo. Kwako itakuwa Jumatano vilevile.

Juu ya moshi, ningekuomba uuache kwa ajili ya huyo mwenye pumu. Dawa za kuchoma zilianza kwa pareto, maua yaleyale yanayolimwa Nakuru na Nyandarua, na ni kweli zinafukuza mbu, lakini moshi wenyewe katika chumba kilichofungwa ni mzigo kwa kifua hata cha mtu mzima. Neti juu ya kitanda itafanya kazi bora zaidi bila moshi. Kuhusu dirisha, namwachia fundi ajibu.

Fundi wa Madirisha

Nimekuwa nikiweka nyavu za mbu katika mitaa ya Eastlands kwa muda mrefu, na kosa ninalolikuta karibu kila nyumba ni moja: mtu anafunga dirisha kwa uangalifu saa kumi na mbili jioni, na juu ya dirisha hilohilo kuna matundu ya hewa ya kudumu ambayo wavu wake ulichanika au ulizibwa kwa rangi na kupasuka zamani. Mbu anapita hapo. Anzeni na matundu hayo. Yasizibwe kwa karatasi wala saruji, kwa sababu anayepikia chumbani anayahitaji kwa uhai wake. Yawekewe wavu mpya.

Madirisha mengi ya ploti ni ya chuma na hufunguka kwa nje, kwa hiyo wavu hukaa ndani. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta abandike utepe wa kunata kuzunguka fremu, upande mmoja kwenye chuma kilichofutwa mafuta na vumbi, upande wa pili ushonwe kwenye wavu. Ili kufikia komeo, unabandua kona moja tu. Wavu wa plastiki wa mita moja na nusu unatosha dirisha la kawaida. Chini ya mlango, shona kitambaa kizito kilichojazwa mchanga na ukisogeze kila jioni. Mama Kayole, ukifanya hayo utaweza kuacha dirisha wazi ukipika.

Mama Kayole

Nashukuru sana, kaka zangu. Swali la mwisho: tukienda kwa mama mkwe Bungoma, watoto saba hulala sebuleni kwenye magodoro sakafuni. Neti ya kitanda nitaifunga wapi?

Baba Wawili

Chukua neti ya mraba, si ile ya mviringo yenye pete moja, na iwe ile iliyotiwa dawa kiwandani. Ikitolewa kwenye mfuko ianikwe kivulini siku moja kabla ya kutumiwa, na ikichafuka ifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila kusuguliwa sana, kisha ikaushwe kivulini, kwa maana jua kali huharibu dawa. Kwa matumizi ya kawaida hudumu miaka mitatu hivi.

Sebule ya watoto saba itahitaji neti mbili kubwa na magodoro yasogezwe yawe makundi mawili. Beba misumari minane na kamba ya mita ishirini. Piga misumari ukutani kwa urefu wa mtu mzima, pitisha kamba katika vitanzi vya pembeni, na asubuhi ikunjwe juu isiwazuie wageni. Kilicho muhimu zaidi ni ncha za chini: ziingizwe chini ya godoro pande zote, kwa sababu mtoto alalaye sakafuni hugeuka na kuusukuma mguu nje, na ukigusana na neti mbu humwumia papo hapo. Sisi tulimpa msichana mkubwa wa dada yangu kazi ya kukagua kwa tochi saa nne usiku. Mwulize mama mkwe pia kama wajukuu wadogo wanaoishi huko wamekamilisha chanjo ya malaria. Kenya ilianza kuitoa Septemba 2019 katika kaunti za magharibi, na mara nyingi ile dozi ya nne, ambayo hutolewa mtoto akiwa na miaka miwili, ndiyo inayosahauliwa.

Sisi tunaondoka mara tu shule zikifungwa. Neti nne ziko begini tayari, kipimo cha joto kimo, na kwenye daftari la kliniki la yule mpwa wangu dada yangu ameandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kwenda na ameacha nafasi ya tarehe ya kurudi.